Bonde Lililoambiwa Litulie

Nina nyumba, haina mlango wala dirisha, na anayekaa ndani hakupiga hata fundo moja la kuijenga. Usiseme yai. Kila nikitega hivi watu hukimbilia yai, kwa sababu yai ndilo jibu tulilopewa tukiwa tumekaa chini, miguu tumeinyoosha. Yai lina mama aliyelitaga kwa uchungu wake, na kifaranga ni mwanawe. Hapo hapana kitendawili, hapo pana familia. Nyumba yangu ni nyingine. Anayeijenga si ndugu wa anayekaa. Anaijenga kwa nyama yake mwenyewe, anaijenga huku akidhani anazaa, na siku inapokamilika anachungulia tumboni mwake, haoni mtoto, anamwona mpangaji. Umeshindwa? Ukishindwa unatakiwa unipe mji. Lakini utanipa mji gani, mwanangu, na mimi ndiye niliyekaribia kuupoteza mji mzima kwa neno moja?

Jibu ni shina la mpunga lililoingiwa na usubi. Usubi wa mpunga ni mdudu mdogo kuliko mbu, mwekundu kidogo, na akitua kwenye jani hata jani halijui. Anataga, anakwenda zake, anakufa. Funza wake anateremka polepole kati ya jani na jani mpaka kwenye kile kiini cha shina, pale panapoamuliwa kama kitakachotoka ni jani au suke. Hapo anakaa. Na shina, ambalo halijawahi kuonana naye, linaanza kumjengea.

Swali langu ni moja, na nimelibeba miaka ambayo siwezi kuihesabu: anaambiwa nini yule anayejenga?

Siwezi kuihesabu, kwa sababu katika nchi ile siku hazikupanga foleni. Mtu alilala Jumatano akaamka juzi, akapiga mswaki, akaendelea. Umri nao ulikuwa kama kanga: leo unajifunga yako, kesho unaazima ya mwenzako. Nina mjukuu anaitwa Mwanaidi. Asubuhi nyingine nilimwogesha ndani ya beseni, na asubuhi nyingine yeye ndiye aliyenikalisha mkekani akanisuka, yeye ana mvi, mimi sina jino la mbele. Hatukushangaa. Ukikaa mahali ambapo kila kitu kinateleza, unajifunza kushika kile kisichoteleza, nasi kisichoteleza kwetu kilikuwa mpunga. Mpunga ulikuwa na siku zake na ulizifuata. Uliota, ukasimama, ukabeba mimba, ukatoa suke, ukainama. Kwa mpunga tulijua kwamba jana ilikuwepo. Mtu akisahau yeye ni nani alikwenda kusimama kwenye kingo za majaruba, akatazama mpunga umefika wapi, akarudi nyumbani na jina lake.

Na mimi, Somoe, nilikuwa mkunga wa bonde.

Kazi ya mkunga ilikuwa moja. Niliingia majini peke yangu, kitambaa cheupe kichwani, nikashika shina kati ya kidole gumba na cha shahada, nikabonyeza. Shina lililojaa, lenye kitu cha mviringo ndani, nilijua limebeba mimba. Nikitoka nilisema neno moja tu, na likishasemwa, bonde lote lilinyamaza siku ishirini. Hapana mguu kuingia majini. Hapana mluzi, hapana kicheko, kutwanga ni nyuma ya nyumba. Watoto kwa wakubwa walivaa viatu vya magunia wasipige kishindo. Hata kuuliza ilikuwa mwiko, kwa sababu mwenye mimba haulizwi amebeba nini. Anaachwa atulie.

Mwaka ule niliingia, nikabonyeza, nikakuta mashina yamevimba kuliko nilivyowahi kuona. Vidole vyangu vilifurahi kabla yangu. Mwanaidi alikuwa nyuma yangu, ana umri wa mwanamke wa watoto wawili siku hiyo, amenifuata majini kinyume na desturi, gauni amelikunja mpaka magotini.

"Bibi," akasema, "mbona laini?"

"Tulia."

"Mimba ina kitu ndani. Hii naona kama ina upepo."

"Mwanaidi, tulia. Hapasemwi hivyo mbele ya mwenye mimba."

Akatulia. Nikatoka majini, nikasimama kingoni, nikawatazama watu waliokuwa wakinisubiri, nikasema, "Mimba." Nao wakavaa magunia miguuni.

*

Siku ishirini za kimya. Ukitaka kujua kimya kina uzito gani, kibebe siku ishirini. Wanawake walisuka bila kusengenya. Mwanamume alijikwaa dole likatoka kucha, akauma kanga ya mkewe asilie. Nami nilikaa kizingitini nikijiona mkubwa, kwa sababu kimya kile kilikuwa changu, nimekizaa kwa neno moja, na watu wazima walikuwa wanatembea ndani yake kwa ncha za vidole. Siwezi kukuficha kwamba kilikuwa kitamu. Mtu hajui kama ana njaa ya kutiiwa mpaka siku anapotiiwa.

Na usubi, siku zote hizo, wakazaliana. Hakuna mguu uliowakanyaga. Hakuna jicho lililoinama kuwatazama.

Siku ya ishirini na moja tulikwenda kuona masuke. Hatukuona suke. Kila shina lilikuwa limetoa kijiti kirefu, kitupu ndani, cheupe kama fedha iliyochakaa, mfano wa jani la kitunguu. Jaruba baada ya jaruba. Upepo ulipita ndani yao ukatoa sauti nyembamba, kama watu wengi wanaopuliza chai.

Aliyevunja kimya alikuwa Mashavu, jirani yangu, mwanamke ambaye hata msibani hukosi kumcheka.

"Shoga," akaniambia, "mwaka huu tutapika pilau ya kitunguu, tuache mchele."

Watu wakacheka kicheko kile kinachotoka puani. Mimi nilitamani wanipige.

Mwinyimvua alikuja kutoka kwenye mfereji. Huyu ndiye aliyekuwa mshika maji, mwenye ule ubao unaofunga na kufungua mlango wa mfereji, na kwa ubao ule alikuwa na nguvu kuliko mtu yeyote bondeni. Siku nyingine nilipata kuwa dada yake mkubwa nikamfuta kamasi, lakini siku hiyo yeye alikuwa mzee na mimi mzee, na hatukudaiana heshima.

"Nafunga maji," akasema. "Majaruba yakauke. Ardhi ikianza kupasuka, tunawasha. Mpunga, nyasi za kingoni, kila kitu. Halafu tunahama."

"Na mbegu?" nikauliza. Mbegu yote ya bonde ilikuwa imesimama pale. Hatukuwa tumebakiza hata pishi moja ghalani, kwa sababu mwaka wa mimba kubwa hakuna anayebakiza.

"Mbegu ya nini, Bi Somoe? Ya vitunguu?"

"Tukichoma, hatutajua tena leo ni lini. Hatutajua sisi ni nani."

"Hilo ungelifikiri ulipokuwa unabonyeza."

Mwanaidi akafungua mdomo. Nilimtazama, naye akaufunga. Nakuomba uliweke akilini tazamo lile. Sikusema kitu, na bado nilikuwa nimemwambia.

*

Maji yakaanza kushuka. Nilikaa kwenye kingo, miguu kwenye tope, nikang'oa kijiti kimoja cha kitunguu nikakipasua kwa ukucha. Chini kabisa, mahali ambapo suke lingekaa, alikuwepo yeye. Funza. Hana macho. Hana miguu. Ana rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai kidogo. Nilimtazama sana, na katika nchi ile ukikitazama kitu sana unaingia.

Ndani palikuwa na mwanga mweupe, kama chumba kilichoezekwa nailoni. Kuta zilikuwa baridi, safi, hazina doa. Nilijua kuta zile. Zilikuwa za mpunga wangu.

"Hodi," nikasema.

"Umeshaingia ndiyo unabisha hodi?" akajibu funza.

"Nisamehe. Wewe ndiye uliyelidanganya shina?"

"Mimi? Kudanganya kunataka mdomo mkubwa. Tazama wangu."

"Basi uliliambia nini mpaka likakujengea?"

"Neno moja."

"Nitajie."

"Wewe unalijua. Tulia."

Nikakaa chini. Nilikuwa mfupi ghafla, magoti yangu yana vumbi, nina miaka saba, kichwa changu kiko kati ya mapaja ya mtu na kitana kinavuta. Tulia, unasukwa. Nina miaka kumi, sahani ya nyama imepita juu ya kichwa changu kwenda kwa wageni. Tulia, utapewa. Nina miaka kumi na minne, daftari limejaa, mwalimu amesema ninaweza kuendelea. Tulia, ya msingi inatosha, hata hiyo wengine hawakupata. Tulia, mume ni mume. Tulieni, wakubwa wanazungumza. Tulia, haiumi. Kila neno likipita nasikia kitu kinavimba ndani yangu, cha mviringo, laini, na watu wananishika wanasema, huyu ataleta neema. Nikavimba. Nikang'aa. Nikasimama mrefu kuliko wenzangu. Na ndani yangu akakaa kila mtu isipokuwa mimi.

"Kwa nini shina linakubali?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa na umri.

"Kwa sababu nalisemesha mapema. Pale kwenye kiini, kabla hakijaamua kuwa jani au suke. Kitu ambacho hakijaamua kinasikia vizuri mno. Kikishaamua, hata niseme mpaka nikauke, hakina habari na mimi."

"Kwa hiyo shina limekwisha."

"Nani kakwambia? Nimesema na kichwa kimoja. Shina lina vichwa vingi, viko chini, kwenye mizizi, huko sifiki."

Nilitaka kumchukia, mwanangu, nikashindwa. Kilikuwa kitu kidogo sana, kipofu, kilichoachwa peke yake siku kilipozaliwa. Hakikujua mpunga ni nini. Kilijua kuta tu. Na nikafikiri: mimi nilikuwa na macho mawili na vidole kumi, na nilisema neno hilohilo, na bonde zima likawa chumba. Basi kati yetu nani ni funza?

"Unatetemeka," nikamwambia.

"Kuna kitu kinatembea tumboni mwangu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kiliingia nilipokuwa yai. Kinatoka upande wa nyasi, kule kingoni. Kidogo sana, Somoe, kidogo kuliko mimi." Akajikunja. "Kinaniambia nitulie."

*

Nilitoka kwa kuitwa. Mwanaidi alikuwa amesimama juu yangu na chupa ya jamu mkononi, mdomo wa chupa ameufunga kwa kipande cha mtandio.

"Bibi, umekaa hapo tangu kesho."

"Nilikuwa kwa mtu. Hiyo nini?"

"Utanigombeza."

"Sema kwanza, nitakugombeza baadaye."

Akachuchumaa. Akaniambia kwamba zile siku ishirini hakukaa ndani. Alitembea kwenye kingo kwa magunia yake miguuni, kimya kama wote, lakini macho ameyafungua. Akaona nyasi za kingoni nazo zimetoa vijiti vya kitunguu, vyembamba zaidi, vya usubi mwingine asiyejishughulisha na mpunga. Akavikata, akavitia kwenye chupa, akangoja. Waliotoka hawakuwa usubi.

"Nyigu," akasema. "Tazama. Weusi, kama nukta ya kalamu."

Nilisogeza chupa karibu na jicho. Nukta zilikuwa zinatembea, zina mabawa.

"Wanakula funza kutoka ndani," akaendelea. "Nikatia na vijiti vya mpunga, vile vya majaruba ya pembeni, karibu na nyasi. Vijiti kumi. Usubi walitoka kwenye vinne. Kwenye sita wametoka hawa hawa. Bibi, nyasi zile anazotaka kuzichoma Mwinyimvua ndiyo nyumba yao."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama tu, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke jambo mwenyewe. Nikakumbuka.

"Na mizizi?" nikauliza. "Umetazama chini?"

"Chini sijafika. Ni mwiko."

Nikaingiza mkono kwenye tope mpaka kiwiko. Nikapapasa kitako cha shina. Pembeni mwa kile kijiti kitupu vidole vyangu viligusa kitu chenye ncha, kisha kingine, kisha cha tatu. Nikafuta tope. Vilikuwa machipukizi, membamba kama sindano ya kushonea magunia, ya kijani kibichi. Shina lilikuwa limekwisha kuanza upya, na halikumwomba mtu ruhusa. Lakini ncha zake zilikuwa zimeanza kukunjamana kwa kiu, na mbele yetu, katikati ya jaruba, ardhi ilikuwa imepasuka ufa wa kwanza.

*

Jua lilikuwa utosini walipokuja na matita ya nyasi kavu. Mwinyimvua mbele, kiberiti mfukoni mwa shati. Nilisimama kwenye kingo njia inapokuwa nyembamba, mtu hawezi kupita bila kunigusa, na mkunga haguswi.

"Bi Somoe, ondoka juani, utaanguka."

"Nakutegea kwanza."

"Huu si wakati wa vitendawili."

"Mfalme wangu mdogo kuliko chembe ya chumvi, na bonde zima limemjengea."

Akashusha pumzi kama mtu anayebembeleza mtoto. "Usubi."

"Hapana."

"Basi chukua mji, chukua wowote, tupishe."

"Neno," nikasema. "Lilitoka kwenye kinywa changu. Nilisema mimba, na haikuwa mimba. Mjukuu wangu aliniambia haikuwa, nikamnyamazisha. Nilikosea."

Hakuna mkunga aliyewahi kurudisha neno. Nilisikia matita yakishushwa chini, moja moja. Nikavua kitambaa cheupe, na upepo ukapita kwenye mvi zangu mbele ya wanaume, nikaona aibu, kisha nikaona baridi, na ile baridi ilikuwa nzuri.

"Mwanaidi, sema."

Akasema. Alieleza nyasi, alieleza nyigu, chupa ikapita mkono kwa mkono. Mashavu aliishika muda mrefu.

"Hawa wadogo hivi ndio watatuokoa?" akauliza. "Mimi mume wangu ana mwili wa pipa na hajaniokoa na kitu."

"Hatuombi watuokoe," Mwanaidi akamjibu. "Tunaomba tusiwachomee nyumba."

Mwinyimvua hakucheka. "Ulikosea mara moja," akaniambia. "Na kama unakosea tena? Nirudishe maji, tungoje, tule mbegu za majani, halafu vitoke vitunguu vingine?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Niliinama nikang'oa shina moja na mizizi yake, tope likidondoka kwenye miguu yake.

"Shika."

"Mimi si mkunga."

"Wala mimi. Shika hapa, chini ya sindano hii ya kijani. Bonyeza. Mna nini?"

Alikataa kwa macho. Kisha akashika. Kidole gumba chake kilikuwa kikubwa, kimezoea ubao, hakikujua kugusa kitu chembamba. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Watu walimtazama usoni kama walivyokuwa wakinitazama mimi miaka yote, wakisubiri neno la kuvaa miguuni. Nikaogopa. Angesema suke, wangeamini. Angesema funza, wangewasha.

"Sijui," akasema.

"Hawakusikia kule nyuma."

"Sijui," akasema kwa nguvu, na uso wake ukawa wa mtu aliyetua mzigo ambao hakujua kwamba ameubeba. "Kuna kitu. Kigumu kidogo. Sijui ni nini."

"Na mimi nataka kushika," akasema mtu nyuma. Mwingine akasema hapana, anzieni huku, mashina ya kwetu yamechipua zaidi. Wakaacha matita njiani. Wakaanza kuteremka kutoka kingoni, wakasita ukingoni mwa tope, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia jaruba la mpunga wa umri ule. Hawakujua mguu unawekwa wapi. Mwanaidi aliwaonyesha: katikati ya mistari, kisigino kwanza, usivute, nyanyua. Wanaume wazima wakafuata kama wanajifunza kutembea. Wakainama. Wakabonyeza. Huyu akasema laini, yule akasema hapana, hebu shika hili, na wakabishana, na bonde ambalo halijawahi kusikia sauti mbili juu ya shina moja likajaa sauti.

"Mwinyimvua," nikasema, "wanashika mashina yenye kiu."

Alikwenda mferejini. Ubao ulikuwa umevimba kwa kukaa mahali pamoja. Akauvuta peke yake, ukagoma, akavuta tena, shingo imemtoka mishipa. Nikasubiri aite. Haikuwa rahisi kwake, alikuwa mtu wa kufungua maji peke yake tangu nilipomjua, katika umri wake wote.

"Njooni mnishikie," akasema mwishowe.

Walikwenda wanne, Mashavu akiwa wa tano, amefunga kibwebwe, akiwaambia kwamba ubao haubembelezwi. Ukatoka kwa kishindo wakaanguka chali wote, na maji yakawapita juu ya miguu, yakaingia jaruba la kwanza, yakajaza ule ufa, yakatafuta la pili. Mashavu aliketi kwenye tope akacheka, akacheka wazi, tumbo lote, katikati ya mpunga. Watu wakageuka kuutazama mpunga, kuona kama utakufa kwa kicheko.

Tukautazama muda mrefu. Maji yalipanda mpaka kwenye zile sindano za kijani, yakazifunika nusu, zikasimama.